Kule Si Mahali

Karatasi hii, Sechelela, ibane
nyuma ya mizani, pamoja na madeni ya watu.
Nimeandika herufi kubwa,
maana najua miwani yako ilivunjika Jumapili.

Naondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Napita Ving'hawe, nashika njia ya warina asali,
si ile ya bomba la maji. Ya warina asali.
Saa nne niko penye jiwe lililopasuka,
saa sita msituni juu, nikihesabu miche
iliyonusurika na mbuzi.
Saa tisa nageuka, niwe nimemaliza au sijamaliza.
Nimevaa sweta jekundu la marehemu baba.
Nina kiberiti, chupa ya chai, viazi vitatu,
na simu ambayo mtandao wake huishia kona ya pili.
Ikifika saa moja usiku sijaja kuichukua karatasi,
usiseme, "Labda kalala huko."
Mpelekee Chilongani wa pikipiki. Asome mwenyewe.

Mteja wa chumvi anacheka:
"Siku hizi hata kupanda Kiboriani kuna fomu?"

Mwache acheke.
Julai ile, wewe hujaolewa huku,
kaka yangu Ndahani alisimama mlangoni,
koti begani, akasema, "Nafika kule mara moja."
Mama akaitikia kutoka jikoni, "Haya."
Hayo ndiyo maneno yote tuliyobaki nayo
jua lilipozama na upepo wa kipupwe
ukaanza kupekua mabati.

Kule.
Mama alidhani kwa fundi baiskeli.
Mimi nilidhani kwa mchumba wake.
Wanaume kumi na wanne wenye tochi
wakapanda upande wa Kongwa, wakiita,
usiku kucha wakiita,
naye kaketi upande wa pili, kifundo kimeteguka,
akisikia mwangwi wa jina lake
ukizidi kwenda mbali naye.

Walimpata asubuhi ya tatu, hai,
sauti imemwisha,
kajifukia majani makavu kama kiazi.
Hadi leo, ikifika Juni, haachani na jiko.

Kuaga tulifundishwa.
Mbukwenyi kwa kila tunayepishana naye,
hodi kabla ya mlango, kwaheri baada ya chai.
Kutaja njia hatukufundishwa.
"Natoka kidogo." "Niko hapo tu." "Nakuja sasa hivi."
Lugha yetu ina hapa, hapo, pale,
huku, huko, kule,
humu, humo, mle,
maneno tisa mazima,
na hakuna hata moja
linaloweza kumwongoza mtu mwenye tochi.

Na mimi nina langu la kuungama.
Mwaka jana nilirudi salama, nimechoka,
nikaoga maji ya moto, nikalala
bila kupita dukani.
Saa tatu usiku ukabisha mlango wetu,
karatasi mkononi, kanga imejaa upupu,
Chilongani nyuma yako, pikipiki inanguruma,
na vijana sita wamekwisha kutangulia mlimani.
Hukunitukana.
Ulitazama miguu yangu ndani ya soksi kavu.
Heri ungenitukana.
Tangu usiku ule, sijarudi
mpaka nimekuambia nimerudi.

Karatasi zangu za zamani unazijua zilikokwenda:
unazikunja koni, unauzia njugu.
Jana nilikuwa nimeegemea kaunta
mtoto wa shule alipomaliza punje ya mwisho,
akaifungua koni, akaanza kukokota herufi:
"Ni... si... po... ru... di..."
Akanyamaza. Akakutazama.
Wewe, mkono bado uko kwenye mizani, ukamjibu,
"Alirudi.
Asingerudi, ungekula njugu kiganjani."